Mwaka wa Daftari la Wageni

Mwezi uliopita tulimzika Mama Numbi kule Fungurume. Siku ya pili ya matanga, wanawake wakisugua sufuria na wanaume wakibishana bei ya saruji chini ya turubai, alinijia kijana mmoja wa heshima, shati jeupe, kalamu sikioni. Alisema anafanya kazi katika biro ya utalii ya jimbo na anakusanya habari za mahali pa kale. Ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyekuwa karani wa kilima cha Kisalala zamani za Zaire. Nikasema ndiyo, ni mimi. "Mama," akauliza, "kwa mwaka mulikuwa munapata bageni bangapi?" Nilicheka, halafu machozi yakanitoka, na yeye masikini akafikiri namlilia marehemu, akaniachia kitambaa chake na kuondoka kwa adabu. Swali lake halikuwa baya. Ni kwamba karibu miaka hamsini imepita bila mtu kuniuliza, na sasa Mama Numbi ameondoka, mimi ndiye niliyebaki ninayejua jibu lake.

Ya kwetu siyasemi hapa. Baba kutoka Kasai kuja kutafuta kazi ya mgodi, mama kuuza mikate, watoto tisa katika vyumba viwili: kila nyumba ya Kolwezi ina hadithi hiyo, anayeitaka akamwulize jirani. Nianze pale nilipopanda kilima na sanduku langu la bati, nina miaka ishirini, mwaka uliofuata ule wa maduka ya Wagiriki na Wareno kupewa wenyeji. Jina langu la ubatizo lilikuwa limekwisha kukatazwa, na barua yangu ya kazi ilisema Sitwayene Ngalula, yaani Mwananchi Ngalula, karani. Nilijivuna, acheni! Nilivaa viatu vya kisigino kupanda mlima wa mawe, na nilipofika juu nilikuwa nimevishika mkononi. Mlinzi wa mahali pale, Tata Mwepu, aliniona nikija hivyo, miguu mitupu na vumbi hadi magotini. Hakucheka. Alisema, "Njo ginsi ya kufika hapa. Karibu."

Kisalala palikuwa mahali ambapo wazee wa zamani waliyeyusha shaba kabla Mzungu wa kwanza hajajua kwamba jiwe la kijani lina kitu ndani. Matanuru yao yalikuwa bado, kumi na mawili, yamejengwa kwa udongo wa kichuguu, mengine yamebomoka nusu, mengine mazima kiasi kwamba ungedhani moto umezimwa jana. Serikali ilikuwa imejenga nyumba ndogo ya vyumba viwili mbele yake. Chumba kimoja kilikuwa na kabati la kioo lenye misalaba ya shaba ambayo watu walitolea mahari enzi hizo, na mivukuto ya ngozi ya swala, na meza yangu. Cha pili ndicho nilicholala, kitanda cha chuma na harufu ya popo darini. Nyuma kabisa, upande wa mteremko, ilikuwa nyumba ya Tata Mwepu, mke wake Mama Numbi, na mama mzazi wa Tata mwenyewe, ambaye sote tulimwita nkambo, yaani bibi. Baba yake Tata Mwepu alikuwa myeyusha shaba wa mwisho pale, hadi kazi hiyo ilipopigwa marufuku, na kaburi lake lilikuwa chini ya matanuru pamoja na ya wenzake. Tata Mwepu alizaliwa hapo, akaoa hapo, halafu siku moja akaambiwa na serikali kwamba sasa ni mlinzi wa hapo, akapewa kofia.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Lilikuwa kubwa, jalada jekundu, na juu yake imeandikwa Daftari la Wageni. Kila anayeingia aandike jina, anakotoka, na sahihi. Mwisho wa mwezi nahesabu mistari, naandika hesabu kwenye karatasi, naituma Lubumbashi kwa treni. Ndivyo idara ilivyojua kama mahali panaishi au panakufa. Nilipofungua kurasa za nyuma niliona miaka minono: mainjinia na wake zao kila Jumapili, masista na wanafunzi wao, watu waliokuja na mikate na soseji wakala chini ya miti wakaondoka wameacha makaratasi. Halafu kurasa zikaanza kukonda. Wazungu walikuwa wanafunga virago. Shule hazikupata tena lori. Jumapili za mwezi wa tatu nilikaa na kalamu yangu tangu asubuhi hadi saa kumi nikisikiliza mjusi juu ya bati, na mwezi wote ukanipa mistari tisa. Mwezi wa nne, sita. Mmoja wa wale sita alikuwa dereva aliyepotea njia ya Tenke, nikamlazimisha atie sahihi.

Jioni tulikula pamoja jikoni kwa Mama Numbi, kwa sababu alisema msichana anayekula peke yake anazungumza na sufuria. Bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na bitoyo, ule samaki wa chumvi, ikiwa pesa ipo. Bitoyo isipokuwepo, Mama Numbi alikuwa anasema, "Leo samaki ameenda kusalimia wazazi yake," na tunacheka kila mara, ingawa tulijua maneno yatakuwa yale yale. Nkambo alikula kwanza, kidogo, vidole vitatu, kisha akakaa ananitazama mimi. Aliamini kwamba Wakasai wote wanakimbia na chakula mdomoni. "Huyu mutoto anameza, hatafune," alimwambia mwanawe kana kwamba mimi sipo. Nilimpenda haraka sana yule bibi, na bado ninampenda.

Barua ilifika mwezi wa tano. Niliisoma kwa sauti pale jikoni, kwa kuwa Tata Mwepu hakujua kusoma, na nilipofika katikati nilitamani nisiwe na macho. Idara ilisema mahali pasipotembelewa patatolewa katika orodha ya mahali pa kulindwa. Ilisema pia kwamba kampuni ya mgodi imeomba kilima cha Kisalala kwa sababu chini yake pana madini. Mkaguzi atakuja mwezi wa tisa kutazama daftari. Wageni wakiwa wamepungua tena kama miaka miwili iliyopita, kilima kitapewa kampuni. Mama Numbi aliweka mwiko chini. Nkambo akauliza barua inasema nini, na Tata Mwepu akamjibu kwamba inauliza habari za afya yetu.

Mimi sikulala vizuri juma zima, halafu nikapata akili, au niliyodhani ni akili. Kila mwaka, mwezi wa saba, majani yakishachomwa, ndugu za wale wayeyusha shaba walikuwa wanakuja. Mama Numbi alikuwa amenieleza. Wanatoka Tenke, Fungurume, Mutshatsha, kwa treni, kwa baiskeli, kwa miguu, na unga na pemba, ule udongo mweupe, na madumu ya munkoyo, kinywaji chao cha mahindi. Wanasafisha makaburi, wanawaambia wazee wao nani kazaliwa na nani kafa, wanalala siku mbili, wanarudi. Ni watu wengi kuliko Wazungu wa Jumapili zote. Na katika daftari lote, nilipekua miaka yote, hapakuwa na hata mmoja wao. Hawakupita kwenye mlango wenye kibao. Walipita njia ya nyuma, ya makaburini.

Nikamwambia Tata Mwepu wakati anatengeneza mpini wa jembe. "Tata, bale bandugu yenu ba mwezi wa saba, juu ya nini haubaandike?"

"Juu bale haiko bageni."

"Lakini banafika hapa, Tata. Daftari inauliza tu nani anafika."

"Daftari inauliza mugeni. Mi sijui kusoma, lakini uliniambia weye mwenyewe bile bameandika pale juu." Aliweka kisu chini. "Sikiliya, Ngalula. Muntu akikubali kuandikwa mugeni, siku ingine batamuambia: saa yako imeisha, rudia kwenu. Sasa shiye tutarudia wapi? Kwetu ni hapa."

"Na bakikamata kilima?"

"Bakikamata, bakamate kitu ya benyewe. Basiseme kilikuwa cha bageni."

Nilikasirika. Niliona ni kiburi cha mzee asiyejua dunia inavyokwenda. Nilikuwa nimesoma, yeye hakusoma. Mimi nilikuwa na kalamu, na kilima kilihitaji mistari. Nani alikuwa amenikataza kuandika? Na tena, niseme ukweli wote kwa sababu sina tena wa kumwonea haya: nilikuwa naogopa kurudi katika vile vyumba viwili vya baba yangu na sanduku langu la bati. Nilijiambia naokoa makaburi yao. Nilikuwa naokoa na meza yangu.

Walikuja mwezi wa saba kama Mama Numbi alivyosema, na sijapata kuona tena kitu kama kile. Desturi yao ni kwamba anayefika hasalimii mtu kwanza. Anavua viatu, anasimama mbele ya matanuru, anajitaja kwa sauti ili wazee wamsikie: jina lake, jina la mama yake, na mahali alipotoka asubuhi ile. "Mi Pande, mutoto ya Kyabu, ninatoka Tenke." "Mi Kalasa, mutoto ya Monga, ninatoka Mutshatsha, niko na mugongo unauma, munisamehe ninakaa chini." Waliokuwa wametangulia kufika wanaitikia. Mmoja mmoja, siku mbili nzima. Na mimi nilikaa nyuma ya dirisha langu, pazia nimelishusha, daftari magotini, naandika. Jina, anakotoka, sahihi. Sahihi nilizitengeneza mwenyewe, hii kwa mkono wa kulia, ile kwa wa kushoto, hii kwa wino wa bluu, ile kwa kalamu ya risasi. Nkambo naye alijongea na fimbo yake, akajitaja kwa sauti nyembamba ingawa anaishi hatua hamsini kutoka pale, na mimi, mkono umeshika kasi, nikamwandika. Musoka, mutoto ya Kisimba. Anakotoka: hapa hapa.

Jioni ile waliniletea munkoyo na kuku, wakanikalisha katikati yao. Mama mmoja alinipaka pemba kwenye paji la uso akisema Mkasai huyu amezoea, anafaa kuolewa huku. Tukacheka. Nilikuwa na daftari limejaa ndani ya kabati langu, na nilijiona mtu mwema kuliko wote waliokuwa pale.

Mkaguzi alifika mwezi wa tisa, mtu wa makamo, suti ya abakosti ya kijivu, jasho jingi. Hakuwa mtu mbaya. Ninalisema hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilitaka awe mbaya. Alikaa mezani pangu, akafungua daftari, akaanza kugeuza kurasa na uso wa mtu aliyetumwa kuzika. Alipofika mwezi wa saba akasimamisha kidole. Akageuza ukurasa, na mwingine, na mwingine. Akaanza kutabasamu. "Ee bwana! Sitwayene, hapa bageni bameongezeka. Wananchi wenyewe! Biko wapi biro zingine zinaweza kuonyesha hivi?" Alisema barua ya kufunga alikuwa nayo tayari kwenye mkoba, na sasa atairudisha Lubumbashi bila kuitoa. Mama Numbi, aliyekuwa mlangoni na sahani ya karanga, alifunika mdomo kwa kitenge. Angeondoka wakati ule, yote yangekwisha vizuri.

Lakini alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha anataka kumfurahisha mwingine. Alimwita Tata Mwepu ampongeze. "Sitwayen Mwepu, kazi nzuri! Ona bantu yako walivyo." Na akaanza kumsomea. Pande wa Tenke. Kalasa wa Mutshatsha. Tata Mwepu alisimama na kofia yake ya serikali mkononi, akisikiliza majina ya shemeji zake na wajomba zake yakitoka ndani ya daftari. Hakunitazama. Mkaguzi akaendelea, "Na huyu, Musoka, mutoto ya Kisimba, anatoka hapa hapa. Ni nani huyu mugeni wa hapa hapa?"

"Ni mama yangu," Tata Mwepu akasema.

Mkaguzi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha, halafu akaacha kucheka. "Basi si kitu," akasema. "Mama naye anaweza kutembelea."

"Mama yangu haiko mugeni. Na bale bengine pia, hapana. Hapa ku ile karatasi hakuna mugeni hata mumoja."

"Tata." Mkaguzi aliinama mbele, na sauti yake ikashuka. "Fikiri muzuri. Mi nitauliza mara moja tu, na jibu yako njo nitaandika mu rapori. Hawa bantu nibahesabu bageni, ao nisibahesabu?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kupiga magoti. Nilimwangalia Tata Mwepu kwa macho yangu yote, na safari hii alinitazama, na katika uso wake hapakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo limenitesa maisha yangu yote. Alijua nilichofanya na kwa nini. Alijua pia thamani ya neno moja. Nje kuku wa Mama Numbi walikuwa wanakwaruza majani.

"Usibahesabu," akasema.

Mkaguzi alichukua rula yangu na kalamu nyekundu, akawafuta, mstari kwa mstari, polepole, kama mtu ambaye angependa kuzuiwa. Kisha akatoa barua kwenye mkoba.

Tulikula jioni ile kama kawaida. Sikuweza kumeza, na nkambo akasema, "Leo Mukasai anajua kutafuna." Nilimwambia Tata Mwepu, "Unisamehe." Aliendelea kukata bukari yake. "Ulitaka tubakie," akasema. "Mi pia nilitaka tubakie." Hakusema zaidi, siku ile wala nyingine. Mama Numbi ndiye aliyelia, na alimlilia mume wake kwa hasira, kwamba angekuwa na nyumba leo kama angekuwa na ulimi mdogo. Mpaka leo sijui nani kati yetu watatu alikuwa na haki. Kuna asubuhi naamka nikimlaumu mzee: neno moja tu, Tata, lingekugharimu nini? Halafu nikikoroga chai naona kwamba angekubali angekuwa amepewa kilima kile kwa ruhusa, kama mpangaji, na kwamba mimi ndiye niliyemweka mahali ambapo kila jibu lilikuwa kupoteza. Hilo ndilo kosa langu. Uongo wa sahihi ni kitu kidogo.

Mwezi wa kumi na mbili, katikati ya mvua, walituhamishia mjini, wao wakapata nyumba ya matofali mabichi pembeni ya cité, mitaa ya wenyeji, mimi nikarudi kwa baba. Nilikuwa nawatembelea kila Jumamosi na mkate. Nkambo hakuelewa. Kila mara aliuliza mvua ikiisha wanarudi lini. Mwaka ulikuwa haujatimia, majani yalikuwa yamechomwa tena, alipoanza kukataa chakula. Alisema hawezi kula kabla hajaenda kumwambia mume wake habari za mwaka. Wale wa Tenke na Mutshatsha hawakuja tena, walikuwa wamesikia. Ndipo Tata Mwepu akanifuata kazini nilikopata kibarua cha kupiga chapa, kofia mkononi, akasema twende kilimani, utanisaidia kwa mlinzi wa lango la kampuni, weye unajua kusema nao.

Tulimbeba nkambo kwenye baiskeli, yeye amekaa nyuma, unga wake ndani ya leso, Tata Mwepu akisukuma, mimi nikimshika mgongo. Pale palipokuwa na kibao chetu palikuwa na kizuizi cha chuma na kibanda. Nyuma yake kilima kilikuwa kimekatwa upande mmoja, chekundu, na mashine zilikuwa zinanguruma. Matanuru hayakuwepo. Makaburi, mlinzi alituambia, hawajayafikia, labda mwezi ujao. Alikuwa kijana mpole. Alisema tunaweza kupita kwa nusu saa, lakini sheria ni sheria. Akatoa daftari chini ya dirisha. Jina la mgeni. Anakotoka. Anakuja kumwona nani.

Nikaanza kumweleza. Nilimwambia hawa si wageni, mzee huyu amezaliwa hapa, kitovu chake kimezikwa hapa, nikapandisha sauti, nikataja idara, nikataja mkaguzi. Kijana akatikisa kichwa. "Mama, kila muntu anaingia hapa ni mugeni. Ata directeur anaandika." Nkambo alikuwa amekwisha kushuka kwenye baiskeli. Alikuwa ameshika chuma cha kizuizi kwa mikono miwili, anatazama upande wa makaburi, na midomo yake ilikuwa inajitaja tayari, kimya kimya.

Tata Mwepu alimtazama mama yake. Kisha akanigusa mkono. "Ngalula," akasema. "Andika."

Nikaandika jina lake. Nikasimama hapo, sikutaka kwenda mstari wa pili.

"Na mama," akasema.

Nikamwandika. Nkambo aligeuka, akaniona nimeinama juu ya daftari, akamwuliza mwanawe kwa sauti ile nyembamba, "Huyu mutoto anaandika nini?"

Mtu yule alikuwa amepoteza nyumba na kilima kwa kukataa kusema neno moja la uongo. Akamfuta mama yake vumbi begani, akamjibu, "Anaandika asema tumefika kwetu."